Ukuta Hauna Kumbukumbu

Anayeingia katika makumbusho ya hip hop akitarajia kupokewa na mdundo hukutana kwanza na karatasi. Vipeperushi vya dansi za mwaka 1979, vilivyopigwa fotokopi mpaka kingo za herufi zikaanza kuliwa. Madaftari ya jalada jeusi ambamo vijana waliyajaribu majina yao mara kwa mara kabla ya kuyapeleka ukutani. Michoro ya penseli ya kava za albamu. Fulana zilizopuliziwa rangi na Shirt Kings, vijana wa Queens walioanza biashara mwaka 1986 na kuwavika marapa wa New York wahusika wa katuni wenye cheni nene za dhahabu. Muziki ambao wazazi waliulalamikia kwa kelele umezeekea ndani ya maboksi, na mengi yanayolindwa leo nyuma ya kioo ni vitu ambavyo waliovitengeneza hawakuwazia kwamba vingeiona wiki iliyofuata.

Wynwood, mtaa wa zamani wa maghala mjini Miami, una nyumba mbili za namna hii. Museum of Graffiti ilifunguliwa Desemba 2019. Baadaye watu walewale wakaanzisha Art of Hip Hop, kwa ajili ya wapiga picha, wabunifu wa kava na wachora fulana walioupa muziki huo sura yake. Washington, makumbusho ya taifa ya historia ya Wamarekani weusi yaliyofunguliwa mwaka 2016 yana redio kubwa ya kubeba begani iliyokuwa ya kundi la Public Enemy. Bronx kwenyewe, ambako DJ Kool Herc alipiga dansi ile maarufu ya tarehe 11 Agosti 1973 katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, ujenzi wa The Hip Hop Museum ulizinduliwa Mei 2021, na siku ya kufungua milango ikasogezwa mbele zaidi ya mara moja. Hata walioanza mchezo wanahangaika kujenga ghala lake.

Kutoka Luberizi, Wynwood ni mbali kwa kila kipimo. Kituo hiki cha Uwanda wa Ruzizi, mashariki ya Kongo, kiko kwenye Barabara ya Taifa namba 5, ile inayoteremka kutoka Bukavu, ikapita Kamanyola na Luvungi, kisha ikaendelea Sange hadi Uvira. Kinajulikana zaidi kwa kambi yake ya jeshi kuliko kwa sanaa. Bukavu ina Musée du Kivu, makumbusho ya Wamisionari Wasaveri, kwa anayetaka kuona vinyago na vyombo vya wazee. Kijana wa Luberizi anayetaka kuona makumbusho ya hip hop atayatembelea kwa simu: atanunua megabaiti, atatafuta mahali penye mtandao, atatazama video ya mtalii aliyezunguka ukumbi kwa dakika tatu huku akijipiga picha yeye mwenyewe. Si ziara mbaya sana. Visa ya Marekani inadai mengi zaidi na haikupi hata hizo dakika tatu.

Na akitazama kwa makini, ataona vitu anavyovijua. Herufi zilizonenepeshwa na kupewa kivuli upande mmoja ili zionekane zimesimama. Uso wa msanii uliochorwa kutoka kwenye picha ndogo. Jina la mtu lililoandikwa kwa ukubwa usiolingana na mfuko wake. Yote hayo yapo kwenye barabara yake mwenyewe: kwenye mbao za malori ya Fuso, kwenye milango ya saluni, kwenye mabango ya vibanda vya kuchaji simu. Tupac, aliyeuawa Las Vegas mwaka 1996, ameishi maisha marefu zaidi nyuma ya magari ya Afrika Mashariki na Kati kuliko aliyoishi mwilini.

Hapo ndipo inapokuja ile kauli tamu inayopendwa na wapenda sanaa: kwamba sisi hatuhitaji jengo, kwamba barabara yetu yenyewe ndiyo makumbusho. Ni kauli ya kupendeza, na haina ukweli. Barabara haitunzi chochote. Jua la uwandani hula rangi nyekundu kwanza, halafu bluu, mvua humalizia. Mwenye saluni akihama, mpangaji mpya hupaka chokaa. Lori likigongwa, bodi mpya haijui maandishi ya bodi iliyopita. Ukuta ni mahali pa kuonyesha, na kazi ya kuonyesha inatofautiana kabisa na kazi ya kutunza. Mara nyingi hugombana.

Inafaa kumtazama mchoraji wa mabango akiwa kazini, kwa sababu kazi yenyewe inaeleza kwa nini inapotea. Mteja humletea picha kwenye simu: mchezaji mpira, mwanamuziki, kichwa kilichonyolewa kwa mtindo mpya. Mchoraji huigawa picha hiyo kwa miraba, akilini au kwa penseli, kisha hupiga miraba mikubwa kwenye ubao uliokwisha pakwa rangi nyeupe. Mraba mmoja baada ya mwingine, sikio hukaa mahali pake, pua hupata urefu wake. Rangi ni ya mafuta, ile ya milango na madirisha, iliyopunguzwa nguvu ili itoshe. Brashi ya herufi nyembamba hutunzwa kuliko zote. Rangi ya ngozi huchanganywa kwenye kifuniko cha kopo, na hiyo ndiyo siri ya mchoraji: mmoja huweka kahawia na njano kidogo, mwingine hutanguliza nyekundu chini kabisa ili shavu lisiwe na sura ya mgonjwa. Mwisho kabisa huja maandishi. Bei imekwisha kubaliwa, mteja anataka kufungua kesho asubuhi, na hakuna anayekumbuka kupiga picha ya bango likiwa jipya. Likipigwa picha, ni kwa sababu mtu amesimama mbele yake.

New York ya miaka ya 1970 ilikuwa hivyohivyo. Tarehe 21 Julai 1971 gazeti la New York Times liliandika habari ya kijana mmoja tarishi, mwenye asili ya Ugiriki, aliyekuwa akiandika TAKI 183 kila alikopeleka barua. 183 ilikuwa namba ya mtaa wake. Baada ya hapo kila kijana mwenye kalamu nene alitaka jina lake lipande treni. Mamlaka ya usafiri ilizipaka, ikaziosha kwa kemikali, ikajenga nyua, ikaweka mbwa, na tarehe 12 Mei 1989 ikatangaza kwamba treni zote za chini ya ardhi zimekuwa safi. Kwa hesabu ya kawaida, sanaa hiyo iliisha siku hiyo bila kuacha hata behewa moja la ushahidi. Haikuisha, kwa sababu kulikuwa na watu wachache waliokwisha kuwa na tabia isiyoeleweka: walikusanya.

Martha Cooper alikuwa mpiga picha wa gazeti la New York Post. Alisimama kwenye viwanja vitupu vya Bronx kwa saa nyingi akisubiri behewa moja lipite likiwa limepigwa na jua. Henry Chalfant, mchonga sanamu, alisimama jukwaani ng'ambo ya reli, akabonyeza picha kadhaa mfululizo treni iliposimama, kisha nyumbani akaziunganisha mpaka behewa zima likakaa kwenye ukanda mmoja wa karatasi. Kitabu chao, Subway Art, kilitoka mwaka 1984. Vijana wa Ulaya na Australia, ambao hawakuwahi kukanyaga New York, walijifunza herufi kutoka humo.

Martin Wong ni kisa kingine, na pengine ndicho kizuri zaidi. Alikuwa mchoraji Mmarekani mwenye asili ya China, aliyefanya kazi katika duka la vifaa vya uchoraji. Vijana wa grafiti walikuja dukani. Yeye akajuana nao, akanunua michoro yao, akabadilishana nao kazi, akaomba madaftari yao meusi. Mwaka 1989 alijaribu hata kufungua makumbusho ya grafiti ya Marekani katika mtaa wa Bond Street. Hayakudumu. Mwaka 1994, akiwa mgonjwa wa UKIMWI, alikabidhi zaidi ya kazi 300 kwa makumbusho ya jiji la New York. Alifariki mwaka 1999. Miaka 20 baada ya zawadi yake, mwaka 2014, jiji lililowafukuza wale vijana kwa mbwa liliwaalika wakazi wake kununua tiketi na kuja kuwatazama.

Mwaka huohuo wa 2014 alifariki Lemoin Thompson, aliyejulikana kama Buddy Esquire. Yeye alibuni vipeperushi vingi vya dansi za Bronx kabla hip hop haijaingia kwenye sahani za santuri. Alijifunza herufi kutoka vitabu vya maktaba ya umma, akapenda mistari ya mtindo wa Art Deco, akabandika herufi za kukwangua moja moja, akakata picha za maDJ kwa mkasi, kisha akapeleka karatasi kwenye fotokopi. Zilitupwa sakafuni dansi ilipoisha. Lakini mkusanyaji wa Kisweden, Johan Kugelberg, alizitafuta, na tangu mwaka 2007 mamia ya karatasi hizo yako katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cornell, ndani ya folda zisizo na tindikali, zikisomwa na wanafunzi walioosha mikono.

Orodha ya watunzaji hawa ina jambo la kukera kidogo. Mwandishi wa habari mzungu, mchonga sanamu mzungu, mchoraji Mchina-Mmarekani, Msweden. Waliotengeneza walikuwa wengi wao vijana weusi na Wapuerto Riko wa mitaa maskini. Waliotunza walikuwa watu wenye kamera nzuri, nafasi ya kuweka maboksi na muda wa kusubiri. Wapo waliotoka ndani, kama Joe Conzo, kijana wa Bronx aliyewapiga picha wanafunzi wenzake wa kundi la Cold Crush Brothers, au Jamel Shabazz wa Brooklyn. Ila mizani haikuwa sawa, na mizani hiyo Kongo inaifahamu vizuri sana.

Chukua michoro ya watu ya Katanga. Katika miaka ya 1960 na 1970, nyumba za wafanyakazi wa migodi Lubumbashi na Kolwezi zilikuwa na picha sebuleni: nguva anayeitwa mamba muntu au Mami Wata, na ile iliyojulikana kama Colonie belge, mfungwa akichapwa fimbo mbele ya afisa wa Kibelgiji anayevuta mtemba. Zilichorwa kwenye vitambaa vya magunia ya unga na kuuzwa mkononi. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alikuwa mmoja wa wauzaji hao mpaka alipogonga mlango wa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha Lubumbashi. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alimchorea historia yote ya Zaire, picha zaidi ya 100, tangu falme za kale mpaka Lumumba, Katanga na kuendelea. Fabian aliweka kinasa sauti mezani. Walizungumza kwa Kiswahili cha Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, picha kwa picha, na maneno hayo yakaandikwa.

Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha ziko Amsterdam.

Mtu anaweza kukasirika, na ana haki. Ila hasira hiyo ifike mpaka mwisho wa njia: zile ambazo hazikununuliwa na mgeni ziko wapi? Hazipo Lubumbashi wala Amsterdam. Zilioza sebuleni, zikazibia tundu la paa, zikachomwa katika vurugu. Mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki naye alikusanya michoro ya aina hii kwa miongo. Karibu 2000 iliingia katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, mwaka 2013, na mwaka 2016 sehemu yake ikaonyeshwa Brussels katika maonyesho yaliyosimamiwa na Bambi Ceuppens pamoja na Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi. Ili Mkongomani asimamie maonyesho ya picha za nyumbani kwao, ilibidi picha hizo ziwe zimehama kwanza.

Nairobi ina kisa chake, na hiki kinahusu hip hop moja kwa moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 matatu za Nairobi zilikuwa zimekwisha kuwa maonyesho yanayotembea: nyuso za marapa, herufi za moshi na moto, muziki unaotikisa madirisha. Februari 2004 sheria za waziri John Michuki zikaanza kutumika: mikanda, vidhibiti mwendo, sare za makondakta, na mstari wa manjano kuzunguka gari lote. Kwa upande wa usalama barabarani wengi walizishukuru. Kwa upande wa uchoraji, kizazi kizima cha magari kilipakwa rangi moja. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliruhusu michoro irudi, na nganya, yaani matatu zilizopambwa, za leo, zenye skrini na taa za kila rangi, ni kali kuliko zile. Vijana wa kundi la Matwana, lililoanzishwa na Brian Wanyama, huzipiga picha, huzitaja kwa majina na kutaja karakana zilizozitengeneza. Waliokuwa na kamera kabla ya 2004 walikuwa wachache mno, na filamu ilikuwa ghali. Ndiyo maana mazungumzo juu ya matatu za enzi zile huendeshwa kwa mikono hewani.

Tofauti na hilo, tazama kilichotokea mwanzoni mwa mwaka 2012, pale wachoraji kama Bankslave, Swift9, Uhuru B na Smokillah walipochora katikati ya Nairobi tumbusi mwenye suti akiwa amewakalia wananchi. Aliyekuwa nyuma ya kazi hiyo ni Boniface Mwangi, na Mwangi alikuwa mpiga picha wa magazeti kabla ya kuwa mwanaharakati. Ndiye aliyezungusha nchini maonyesho ya Picha Mtaani baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Alijua kwamba ukuta wa siasa hauna maisha marefu. Picha ya ukuta ilisafiri kuliko ukuta. Mwaka mmoja baadaye, kuelekea uchaguzi wa Machi 2013, baadhi ya wachoraji hao walipewa na kampuni ya reli yenyewe treni ya abiria ipitayo Kibera, ambako reli iling'olewa mwaka 2008, waichore kwa ujumbe wa amani. Mtu wa Bronx wa mwaka 1980 angesikia habari hiyo angedhani ametegewa mtego na polisi.

Dar es Salaam, kundi la Wachata, wakiwemo Mejah Mbuya, Kala Singa na Local-i, limefundisha herufi za kupuliza kwa zaidi ya muongo mmoja, na nyua kadhaa za jiji zimepita mikononi mwao. Lakini hasara kubwa zaidi ya Tanzania iko kwenye kitu kidogo kuliko ukuta: karatasi ya kaseti. Wakati Professor Jay alipotoa Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, albamu ilikuwa kaseti, na kaseti ilikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara tatu, chenye picha ya msanii, orodha ya nyimbo, salamu kwa washkaji na anwani ya msambazaji. Kaseti hizo zilivuka ziwa na mipaka, zikauzwa Kigoma, Bujumbura, Uvira, Bukavu. Nani alibuni vikaratasi vile? Aliandika jina lake wapi? Zilipokuja sidii, kisha flashi, kisha simu, kikaratasi hakikuwa na pa kukaa. Nyimbo zimepandishwa mtandaoni kwa maelfu. Sura zake zimebaki kwenye madroo ya watu wanaohama nyumba kila mwaka.

Kivu ina tatizo lake pekee: kuta zake zina wenyewe wenye pesa. Anayesafiri kutoka Bukavu kushuka uwandani hupita nyumba zilizopakwa nyekundu ya kampuni moja ya simu, halafu nyekundu ya nyingine, halafu rangi ya machungwa. Hupita nembo za bia. Hupita michoro ya mashirika: mama ananawa mikono, mtoto anachanjwa, wanaume wawili wanapeana mikono chini ya neno AMANI na chini yake mstari wa nembo tano za wafadhili. Mchoraji ni yuleyule wa saluni. Analipwa vizuri zaidi, na anachoweka chake humo ni kidogo zaidi. Chérie Rivers Ndaliko aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 2016, Necessary Noise, akitazama Goma na jinsi pesa za misaada zinavyoamua nini kiimbwe na nini kichorwe. Kituo anachokieleza humo, Yolé!Africa cha Petna Ndaliko Katondolo, kilianzishwa mwaka 2000, na kimelea vijana wa filamu, wa dansi na wa kurapu kikijitahidi wazungumze kabla ya nembo kuzungumza. Picha za mashirika, kwa bahati mbaya au nzuri, ndizo zilizotunzwa kuliko zote: ripoti kwa mfadhili inadai picha kabla na baada. Mtafiti wa mwaka 2060 huenda akadhani watu wa Kivu walichora kunawa mikono tu.

Ndiyo maana ni vigumu kuvumilia ule mjadala wa New York na Paris kwamba makumbusho yanaiua sanaa ya mtaani, kwamba grafiti ikiingia kwenye fremu inakuwa maiti. Una ukweli fulani, lakini ni mjadala wa watu ambao kazi zao zimekwisha pigwa picha. Jengo la 5Pointz lililokuwa Queens linaonyesha faida ya upande wa pili. Mmiliki alizipaka rangi nyeupe kuta zake usiku mmoja wa Novemba 2013, akafuta kazi za miaka mingi. Wachoraji 21 walikwenda mahakamani, na Februari 2018 jaji aliwapa dola milioni 6.75, dola 150,000 kwa kila moja ya kazi 45. Kuta zilikuwa zimekwisha vunjwa. Kilichowekwa mbele ya jaji ni picha na kumbukumbu za nani alichora nini na lini. Bila hizo, ingekuwa hadithi ya vijana waliopakiwa chokaa, na hadithi za namna hiyo hakimu husikia kila Jumatatu.

Je, barabara ya Luberizi inaweza kupata Martin Wong wake? Kamera si tatizo tena. Picha za mabango na malori zimejaa kwenye simu za motari, za mapadri, za wanafunzi, zikiwa usuli wa picha za harusi na kipaimara. Zinakosa mambo madogo: tarehe, mahali na jina. La jina ndilo rahisi kuliko inavyodhaniwa. Vijana wa New York waliandika majina yao na kuficha nyuso. Wachoraji wengi wa mabango wa huku huandika pembeni, chini kabisa, neno Art au Déco, jina la kazi na namba ya simu. Ni tangazo la biashara, na bila kukusudia ni kielelezo cha maktaba. Namba inayoanza na 099 au 081 inaweza kupigwa. Atapokea mchoraji, au mjane wake, au mtu mwingine aliyepewa laini hiyo. Katika hali zote tatu kuna swali la kuuliza.

Ugumu halisi uko kwingine. Goma ilitekwa na waasi Januari 2025, Bukavu Februari. Siku chache kabla ya Bukavu kutekwa, Goma ilimpoteza mwimbaji Delcat Idengo, aliyepigwa risasi tarehe 13 Februari alipokuwa akirekodi video ya wimbo. Desemba 2025 mapigano yakashuka kwenye barabara hii hii ya Ruzizi, kijiji baada ya kijiji, mpaka Uvira, na maelfu wakavuka kuingia Burundi na vitu vinavyobebeka kichwani. Katika hali hiyo simu huuzwa, huporwa, hutupwa majini ikiwa ndani yake mna picha inayoweza kumponza mwenyewe. Kutunza picha ya ukuta wenye jina la kisiasa kunaweza kuwa hatari kuliko kuuchora. Anayesema vijana wangepanga tu mafaili yao vizuri hajawahi kupita kizuizini akiambiwa afungue simu.

Hata hivyo Kivu Kusini imewahi kutunza. Huko Lwiro, kaskazini ya Bukavu, kipo kituo cha utafiti wa sayansi asilia kilichotokana na taasisi ya Wabelgiji ya mwaka 1947. Wazungu waliondoka, vita vya 1996 na 1998 vikapita, mishahara ikawa ya kusikia. Maktaba yake, samaki wake na nyoka wake ndani ya chupa vilivuka yote hayo kwa sababu wafanyakazi wa pale, watu wa vijiji vya jirani, waliendelea kufungua milango asubuhi na kuifunga jioni. Bango la saluni la Luberizi ni rahisi kutunza kuliko nyoka. Halidai spiriti. Linadai rafu kavu, kibandiko chenye jina la mchoraji na mwaka, nakala ya picha yake katika mji mwingine, na mtu mwenye ufunguo anayelipwa mwisho wa mwezi.